Taa ya Ngazini

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
tunafungwa kwenye mashine watu wanne, saa nne kila mmoja,
katika jengo lililokuwa duka la viatu, Lorain, Ohio.
Runinga ni moja, juu ukutani. Rimoti ilipotea
tangu theluji ya kwanza, basi tunaangalia kinachokuja,
na saa nane mchana kinachokuja ni *Taa ya Ngazini*,
kipindi kikongwe kuliko figo zetu mbovu.
Kila mara hadithi nyingine, maiti mwingine,
ila msimulizi ni yule yule, na koti lile lile.
Anapanda ngazi tatu, anazima taa, anauliza:
"Mmefunga mlango? Mmejifungia na nani?"

Wendell Kovach, aliyeyeyusha chuma miaka thelathini,
anashikilia kwamba kipindi kilikufa siku kilipotiwa rangi.
Kiza, anasema, ndicho kilikuwa mwigizaji wao bora,
hakikusahau maneno, hakikudai nyongeza,
nao wakakifukuza, wakaleta mapazia ya zambarau.

"Rangi imekukosea nini?" Iraida Quiñones humkatiza.
Yeye lawama zake ni kwa mazimwi ya mpira.
"Nimeshona zipu tangu nikiwa msichana,
naijua zipu nikiiona, hata mgongoni mwa shetani."
Kilichomtisha yeye ni kile cha mama aliyekata mkate
vipande viwili kila jioni, akala kimoja,
na asubuhi hakukuta hata kimoja.
Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekufa.
"Damu iliniganda," anasema,
na muuguzi Rosalind, bila kuinua kichwa:
"Isigande hapa, tafadhali."

Mzee Ambrose Tuttle anasema vyote ni upuuzi.
Anasema hivyo kila Jumanne
na jicho lake haliachi kioo.

Ugomvi mkubwa lakini ni wa kile cha mvulana na kabati.
Tulikiona sote, kila mtu kwao, mara moja tu, utotoni.
Mimi nilikuwa chini ya meza ya shangazi,
kati ya miguu ya viti, nimeng'ata kitambaa.
Mvulana anasikia mtu akihesabu ndani ya kabati.
Siku ya kwanza kumi, ya pili tisa.
Siku ya moja anafungua.
Wendell anaapa alijikuta mwenyewe mle, ana mvi.
Iraida anasema palikuwa patupu, na ndiyo balaa yenyewe.
Mimi nakumbuka mama yake, anacheka, ana kidole mdomoni.
Ambrose hakusema alichokiona.

Alhamisi iliyopita wakakileta.
Hatukupumua. Hata Rosalind alisimama na trei mkononi.
Tano. Nne. Kwenye mirija yetu damu ilizunguka, nyekundu,
na kule kwenye kioo kila kitu kijivu, kama Wendell anavyotaka.
Mbili. Mvulana anashika kitasa,
na mashine ya Ambrose ikapiga king'ora.
Presha imeshuka. Wauguzi watatu, pazia, kiti kinalazwa,
mgongo wa Rosalind mpana mbele ya runinga.
Nilimsikia mvulana akivuta pumzi. Nikasikia bawaba.
Kisha tangazo la sabuni.

Ambrose alizinduka, rangi ya karatasi,
akauliza kwanza, kabla ya maji:
"Alikuwa nani?"
Wendell akafungua mdomo. Akaufunga.
"Hatukuona," Iraida akasema. "Afadhali."

Mjukuu wangu anasema atanitafutia, dakika mbili tu, kwenye simu.
Nimemwambia asubiri.
Leo ni Jumamosi, viti vyote vinne vina watu,
Ambrose anasema ni upuuzi,
Wendell ameanza tena habari ya mapazia,
nami bado nina mama yangu mle kabatini, anacheka,
na sina haraka ya kumpokonywa.